Karl Terzaghi

Karl Terzaghi (Praha, 2 Oktoba 1883 – Winchester, Massachusetts, 25 Oktoba 1963) alikuwa mhandisi kutoka nchi ya Austria, ambaye mwaka 1943 alipata uraia wa Marekani. Anahesabiwa kuwa baba wa mekanika ya udongo, yaani elimu ya jinsi udongo unavyobeba mzigo.

Maisha

Alisoma uhandisi wa mitambo mjini Graz, kisha akafanya kazi za ujenzi katika nchi mbalimbali. Mwaka 1916 alikwenda Istanbul kufundisha, na huko alianza kupima udongo kwa vyombo alivyojitengenezea. Kitabu chake cha mwaka 1925, kilichoandikwa kwa Kijerumani, kilianzisha fani hiyo. Baadaye alifundisha MIT, Vienna na Harvard.

Huko Vienna, profesa mwenzake Paul Fillunger aliushambulia vikali utafiti wake. Kamati ya chuo ilimpa haki Terzaghi. Mwaka 1937 Fillunger na mkewe walijiua.

Nadharia

Mfinyanzi uliojaa maji ukiwekewa mzigo, kwanza mzigo huo hubebwa na maji yaliyo kati ya chembe. Maji hayana uwezo wa kuzuia utelezi. Nguvu ya udongo hutokana na sehemu ile tu inayobebwa na chembe zenyewe. Maji yanapotoka, jengo hudidimia, pengine kwa miaka mingi.

Hesabu hiyo hutumika hata leo katika misingi ya mitambo mikubwa ya upepo inayosimikwa baharini. Mawimbi yakiisukuma nguzo huku na huku, shinikizo la maji ndani ya mchanga huweza kupanda na mchanga kulegea, hata kama nguzo yenyewe ni imara.

Bwawa la Sasumua

Katika miaka ya 1950 Terzaghi alikuwa mshauri wa Bwawa la Sasumua huko Kinangop, Kenya, linalopeleka maji Nairobi. Mfinyanzi mwekundu wa mahali pale ulitia wasiwasi: vipimo vya maabara vilionyesha kwamba ni mwepesi na unashika maji mengi mno, hivyo kwa vigezo vya kawaida haukufaa. Terzaghi alieleza kuwa madini yake, haloisaiti, yamejikusanya katika vibonge vigumu vyenye vinyweleo, na maji yamo ndani ya vibonge hivyo. Kwa hiyo udongo ulikuwa na nguvu kuliko vipimo vilivyodokeza, ukatumika kujengea tuta. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1958.

Mwaka 1965 bwawa moja la British Columbia, Kanada, lilipewa jina lake.