Noor Inayat Khan

Noor Inayat Khan (1 Januari 1914 – 13 Septemba 1944) alikuwa jasusi wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndiye mwanamke wa kwanza aliyetumwa na Uingereza kuendesha mtambo wa redio kwa siri nchini Ufaransa, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani.

Alizaliwa Moscow, Urusi. Baba yake alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka Uhindi, wa ukoo wa Tipu Sultan wa Mysore. Mama yake alikuwa Mmarekani. Alikulia karibu na Paris, akaandika hadithi za watoto. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 alikimbilia Uingereza, akajiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga na kufundishwa kazi ya redio.

Baadhi ya wakufunzi wake wa ujasusi walimwona hafai, kwa kuwa alikuwa mpole mno na hakupenda kusema uongo. Hata hivyo waendesha redio walikuwa haba. Usiku wa 16 Juni 1943 alipelekwa Ufaransa kwa ndege ndogo, akitumia jina la siri la Madeleine. Siku chache tu baadaye Gestapo walianza kuwakamata wenzake wa Paris. London ilimtaka arudi. Alikataa, asije akawaacha waliobaki bila mawasiliano. Kwa zaidi ya miezi mitatu alihamahama na mtambo wake ndani ya sanduku, maana magari ya Wajerumani yalizunguka mitaani yakinasa mawimbi ili kujua ujumbe unatoka nyumba gani.

Oktoba 1943 alisalitiwa na kukamatwa. Alijaribu kutoroka mara mbili, mara ya pili kwa kupitia juu ya paa. Alipohojiwa hakutoa siri, lakini alikuwa ametunza daftari lenye nakala za ujumbe wake. Wajerumani walilitumia kujifanya ni yeye, na majasusi wengine waliotumwa kutoka London wakaangukia mikononi mwao. Wanaomlaumu kwa hilo husahau kwamba makao makuu yalipuuza dalili za hatari.

Kwa kuwa alikataa kuahidi kwamba hatatoroka tena, alipelekwa gereza la Pforzheim, Ujerumani, akakaa peke yake miezi kumi hivi, mikono na miguu ikiwa katika minyororo. Aliuawa kwa risasi katika kambi ya Dachau pamoja na wanawake wenzake watatu wa kazi hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka 30. Uingereza ilimtunukia nishani ya George Cross mwaka 1949.