MAMA MONIKA: ALIYEONYA ALIKUBALI KUONYWA

Ndugu wazazi na vijana, tumkumbuke Mtakatifu Monika wa Tagaste, nchi ya Algeria ya leo. Akiwa msichana alizoea kunywa divai kwa siri alipotumwa kuiteka pipani. Kijakazi wa nyumbani alimwita mlevi. Monika alitii, akaacha mara moja.

Baadaye mwanawe Augustino alipofuata Wamanikeo, alimkatalia kukaa nyumbani mwake, kisha akampokea tena. Mwaka 383 kijana alimdanganya, akapanda meli kwenda Roma. Mama alimfuata hadi Milano. Huko Augustino alibatizwa Pasaka ya 387. Mwaka ule ule Monika alifariki Ostia, ugenini.

Sisi tunaolea watoto ukimbizini tujifunze: anayetaka kutiiwa akubali onyo, hata la mdogo wake, wala asimtupe anayemwonya.