Abbas bin Firnas, Mshairi Aliyeruka Bila Mkia

Likitajwa jina la Abbas bin Firnas siku hizi, wengi humwaza mzee aliyejivika manyoya akajitupa angani. Ni wachache wanaotajiwa kwamba mzee huyo alikuwa mshairi, tena mshairi wa baraza la wafalme. Mimi niliyelelewa na vina na mizani tangu nilipokuwa chuoni naona huko ni kumpunja marehemu haki yake. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, nakuletea maisha yake kwa ukamilifu kadiri yanavyojulikana: mshairi, fundi, mjuzi wa falaki na mwanafunzi wa ndege wa angani. Nayaandika nikiwa mbali na bahari, huku bara ya Kisii na Nyamira, na sababu ya kumkumbuka nikiwa huku itaonekana mbele.

Abbas alizaliwa kiasi cha mwaka 810, yaani mwishoni mwa karne ya pili ya Hijra, katika jimbo la Takurunna, pande za Ronda, kusini ya nchi ambayo leo ni Uhispania. Wakati huo nchi hiyo ikiitwa Andalus, na watawala wake walikuwa Bani Umayya waliokimbia Sham baada ya Bani Abbas kuwapokonya ukhalifa. Asili yake Abbas ilikuwa ni Mberiberi. Alihamia mji mkuu wa Cordoba, ambao Waarabu waliuita Qurtuba, na huko aliwatumikia maamiri watatu mmoja baada ya mwingine: Al-Hakam wa kwanza, kisha mwanawe Abdurrahman wa pili, kisha mjukuu Muhammad wa kwanza. Kudumu katika baraza la watawala watatu si jambo dogo. Mwenye kujua mambo ya baraza anajua kwamba mfalme mpya huja na watu wake, na wa zamani hutafutiwa mlango wa kutokea.

Lililompa jina kwanza lilikuwa elimu ya mashairi. Huko Basra aliishi bingwa Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mtu ambaye asili yake ni Oman, aliyefariki mwishoni mwa karne ya nane. Khalil ndiye aliyezipima bahari za mashairi ya Kiarabu, akazipanga kumi na tano, na elimu hiyo akaiita arudhi. Sisi watu wa pwani tunaposema shairi fulani liko katika bahari fulani, neno hilo tumelipokea kutoka kwake. Kitabu chake kilipovushwa hadi Andalus, wasomi wa Cordoba walikifunua wakakifunga, wasiambue kitu. Inasimuliwa kwamba Abbas alikaa nacho peke yake, akakifumbua, akawafundisha wenzake. Kichwa kilichoweza kufumbua mizani ya silabi ndicho hicho kilichokuja kufikiri juu ya mizani ya mabawa.

Baada ya hapo mikono yake haikutulia. Wanahistoria wa Andalus humpa sifa ya kugundua namna ya kutengeneza kioo kwa mawe, na ya kuchonga bilauri ya mawe, kazi ambayo kabla yake Waandalus walilazimika kuipeleka Misri. Aliunda chombo cha kujulia nyakati na kumtunuku Amiri Muhammad. Nyumbani kwake alitengeneza chumba chenye umbo la mbingu: mgeni akiketi huona nyota, kisha mawingu, kisha umeme, kisha husikia ngurumo. Fikiri, ndugu yangu, jinsi mtu wa zama hizo alivyotoka ndani ya chumba hicho, na alivyokwenda kuwahadithia jirani zake.

Waama, jirani walihadithia kupita kiasi. Abbas alishitakiwa kwa uchawi na uzushi wa dini, akafikishwa mbele ya kadhi. Mashahidi walikuja na maneno ya ajabu ajabu, na kadhi alipoyapima hakuona ndani yake hata chembe ya ushahidi, akamwachilia. Napenda tulikumbuke jambo hili. Aliyemshitaki Abbas ni ujinga wa mtaani, na aliyemwokoa ni kadhi wa Kiislamu aliyetaka ushahidi. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba elimu na dini zilikuwa mahasimu, na hapa mambo yalikuwa kinyume.

Sasa tuje kwenye kuruka. Ilikuwa kiasi cha mwaka 875, naye Abbas ana umri wa karibu miaka 65, umri ambao wengi wetu hata ngazi ya ghorofa twaipanda kwa kupumzika. Alijivika manyoya mwilini, akajifunga mabawa mawili, akapanda mahali pa juu akajiachia. Habari zasema alikwenda masafa ya kutosha hewani. Taabu ilikuja wakati wa kushuka, kwani alianguka vibaya akaumia mgongo. Na sababu iliyotolewa ndiyo iliyonivutia mimi miaka yote: alisahau kwamba ndege anapotua hutegemea mkia wake, naye hakujifanyia mkia.

Hapa ndipo Kisii inapoingia. Katika mji huu wako Waislamu wa asili mbalimbali, Wanubi wa siku nyingi, Wasomali, na watu wetu wa pwani waliofuata biashara. Mwenyeji wangu mmoja, mzee wa asili ya Lamu mwenye duka, alinililia juu ya mwanawe. Kijana alikuwa ameagiza sanduku kutoka ng'ambo lenye kindege cha kuchezea kinachoongozwa kwa redio. Si kile kinachotoka sandukuni tayari kuruka, wala si kile cha kuchonga vijiti kimoja kimoja. Ni cha katikati: mabawa yamekwisha kuundwa kwa mbao nyepesi za balsa na kuvikwa karatasi ya plastiki, kiwiliwili kiko, mkia uko, lakini kuunganisha, kutia mota na betri, na kupima, ni juu ya mwenye nacho. Mzee aliona ni fedha zilizotupwa na mchezo usiomfaa kijana wa kidato cha nne. Alitaka niseme na mwanawe akiuze. Nilimwomba kwanza aniruhusu nikione kikiundwa.

Nilikaa nao siku mbili juu ya meza ya kulia chakula. Siku ya kwanza karibu yote ilikwenda katika mkia. Kijana alipima kwa uzi kutoka ncha ya kila upande wa mkia hadi ncha ya bawa la upande huo, akaona upande mmoja umezidi kwa upana wa punje ya mchele, akaulegeza akaanza tena. Kisha akakichutama kindege kwa mbele na kukitazama kwa jicho moja, kuhakikisha mkia uko sambamba na bawa. Gundi haikutiwa mpaka vipimo vyote vilipokubaliana. Aliponieleza sababu nikafahamu. Bawa likibeba uzito lina tabia ya kutaka kuinamisha pua. Mkia ndio unaolizuia, mara nyingi kwa kusukuma chini kidogo, kama baharia anayekwenda kukaa tezi ili omo ya mashua isizame katika wimbi. Na wakati wa kutua, kibao cha nyuma ya mkia huinuliwa, pua ikapanda, mwendo ukapungua, chombo kikakaa chini kwa upole. Njiwa naye hufanya vivyo hivyo: akikaribia dari huutandaza mkia wake kama upepeo.

Siku ya pili ilikuwa ya uzani. Kindege hutegemezwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha robo au thuluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, na sharti kitulie sawa. Chetu kiliinamia nyuma. Kijana aliisogeza betri mbele mpaka kikatulia, kwani kikiwa kizito nyuma hakishikiki kikisharuka. Mafundi wa Tabaka wanaochonga ndege wa mawe ya sabuni wangelifahamu hilo bila kufundishwa. Ndege wao akiwa mzito mkiani hakai juu ya rafu.

Kulikuwa na hesabu nyingine ambayo mtu wa Mombasa hangeiwaza. Mji wa Kisii uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa karibu asilimia 15. Kwa hivyo kindege kile kile kinachoelea kwa raha ufukweni, huku hakina budi kwenda kwa kasi zaidi, karibu asilimia 8, ndipo kibebwe. Tena ardhi ya Gusii imelimwa yote, migomba hapa, chai kule upande wa Nyamira, na mabonde yasiyokwisha mpaka kwenye jabali la Manga. Pa kurushia ni uwanja wa mpira wa shule, mbali na kiwanja cha ndege cha Suneka, kwa idhini, kwa sababu Kenya ina kanuni za mwaka 2020 juu ya vyombo virukavyo bila rubani. Na wakati ni asubuhi, kwani alasiri mvua ya huku haikawii.

Mzee alikuja uwanjani na kofia yake, akasimama mbali kama asiyehusika. Kindege kilipanda, kikazunguka mara tano au sita, kikarudi na kutua, kikavunja gurudumu moja. Njiani nilimhadithia mzee habari za Abbas bin Firnas na mkia wake. Hakunijibu mpaka tulipofika dukani. Hapo akaamua kwamba kijana akiweke kindege, ila akiguse baada ya masomo tu, na asubuhi ya siku isiyo ya shule. Uamuzi huo ulinitosha.

Nasi watu wa pwani tusijione wageni wa jambo hili. Ndege iliyokuja kuwa ya kwanza kusajiliwa Kenya, ile iliyoitwa Miss Kenya, ilishushwa bandarini Mombasa mwaka 1925 ikiwa vipande katika makasha, ikapelekwa bara, ikaunganishwa, na mwezi wa Aprili 1926 ikaruka. Nayo haikuwa na tofauti kubwa na sanduku la kijana wetu, isipokuwa ukubwa.

Baada ya Abbas wako waliojaribu. Mwanachuoni Al-Jawhari, mwenye kamusi mashuhuri ya Sihah, alijirusha kutoka dari ya msikiti huko Nishapur mwanzoni mwa karne ya 11 akafariki. Kiasi cha zama hizo hizo mtawa mmoja wa Uingereza, Eilmer wa Malmesbury, aliruka kutoka mnarani akavunjika miguu, naye pia akasema sababu ni kukosa mkia. Swali la mkia lilipata jibu lake zuri mwaka 1871, wakati Mfaransa Alphonse Pénaud aliporusha kindege cha mpira wa kusokota katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Alikipangia mkia kwa hesabu, kikaenda kimetulia bila mtu kukishika. Angalia basi: kitu cha kuchezea kilitangulia, ndege za kubeba watu zikafuata. Mwisho wa miaka ya 1930 mapacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha kindege chao kwa kukiongoza kwa redio, na ukoo wa kile cha Kisii unatokea huko.

Haifai nimalize bila kusema jinsi habari ya Abbas ilivyotufikia, kwa sababu vijana hupelekewa mengi ya kutia chumvi. Maelezo ya kuruka kwake tunayapata kwa Al-Maqqari wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1632, karne saba na ushei baada yake, ingawa naye alinakili kwa waliomtangulia. Ushahidi wa zama zake mwenyewe ni mdogo: ni ubeti wa mshairi mwenziwe wa baraza, Mumin bin Said, unaotaja kuruka kwake na manyoya ya tai. Na Mumin hakuwa rafiki. Alikuwa mtu wa kumkejeli Abbas, hata kile chumba cha mbingu alikitungia dhihaka. Basi hasidi wake ndiye shahidi wake bora, kwani adui hakuzulii sifa. Atakayesema Abbas aliunda ndege kama za leo amezidisha, na atakayesema hakuruka kabisa na amjibu Mumin.

Abbas aliishi miaka kiasi cha kumi na miwili baada ya kuanguka kwake, na akafariki mwaka 887. Hakuna habari kwamba alijaribu tena. Leo jina lake limepewa shimo moja katika uso wa mwezi tangu 1976, na tangu 2011 daraja la Cordoba juu ya mto Guadalquivir, ambalo Waarabu waliuita Wadi al-Kabir. Mashairi yake mengi yamepotea. Lakini kosa lake, kwa kuwa lilielezwa wazi pamoja na sababu yake, limebaki na kusomesha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwenyezi Mungu amrehemu, na vijana wetu wa pwani na wa bara awape subira ya kupima mkia kabla ya kurusha.