Seymour Cray: Mhandisi Aliyepambana na Joto

Nikiwa fildi mwaka wa pili, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini kompyuta ya maabara inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikamjibu ni feni. Akauliza, feni ya nini, kwani kompyuta nayo inasikia joto? Darasa likacheka, mimi nikacheka nalo, kisha nikaendelea na somo haraka haraka kabla hajauliza la tatu. Lile swali sikulijibu. Nimerudi chuoni nalo, na katika kulitafutia jibu nikakutana na mzee mmoja wa Marekani ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kulijibu.

Seymour Cray alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi. Akiwa na miaka kama 10 hivi, alitumia vipande vya chuma vya kuchezea kuunda kifaa kilichosoma karatasi yenye matundu na kuitoa kama alama za simu ya upepo. Vita vya Pili vilimkuta anamaliza sekondari. Alipelekwa Ulaya kama fundi wa redio, kisha Ufilipino, kwenye kazi ya kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Aliporudi akasoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Minnesota, akaongeza shahada ya uzamili ya hisabati mwaka 1951, akaingia kazini kwenye kampuni iliyoitwa Engineering Research Associates. Mwaka 1957 wenzake kadhaa, wakiongozwa na William Norris, walijitoa na kuanzisha Control Data. Cray akawafuata.

Hapa ndipo habari yenyewe inapoanza. Cray hakupenda mikutano wala wageni. Control Data ilipoanza kukua akaomba ahamishiwe kwao kijijini, na mwaka 1962 kampuni ikamjengea maabara Chippewa Falls, mbali na mabosi. Huko, akiwa na watu wachache, akatengeneza CDC 6600, iliyotoka mwaka 1964 ikiwa na transista zipatazo 400,000 na kasi kama mara 3 ya kompyuta iliyokuwa inaongoza duniani. Mkuu wa IBM, Thomas Watson Mdogo, aliwaandikia wasaidizi wake barua kali akitaka kujua imekuwaje kampuni kubwa kama yao ipitwe na kikundi cha watu 34, mfagiaji akiwamo. Barua hiyo ina umaarufu wake mpaka leo. Naomba uniwie radhi, lakini kila nikifikiria kazi zetu za vikundi, watu 12 kwenye orodha na wawili ndio wanaoandika, nafurahi kumfikiria Watson.

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi. Chukua rula ya darasani, ile ya sentimita 30. Urefu ule ndio mwanga unaosafiri kwa nanosekunde 1, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni. Umeme ndani ya waya huenda polepole zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukitaka kompyuta iende kasi, huwezi kuacha nyaya ndefu, maana taarifa itakuwa bado iko njiani wakati sehemu nyingine inaisubiri. Lazima vifaa visogeleane. Ndiyo maana ile 6600 ukiiangalia kutoka juu ina umbo la alama ya kujumlisha: ilikuwa njia ya kufupisha nyaya.

Lakini vikisogeleana, joto. Aliyewahi kubebana, watu wanne kwenye chumba cha wawili, mwezi wa Desemba, Dar es Salaam, hahitaji kufundishwa fizikia hii. Kila umeme unaopita kwenye transista unaacha joto, na joto likikosa pa kutokea vifaa vinaanza kukosea, kisha vinakufa. Feni peke yake ilikuwa haitoshi tena. Cray na mhandisi wake wa upoozaji, Dean Roush, wakapitisha Freon ndani ya mashine, ile ile iliyokuwa ikitumika kwenye mafriji. Kwa hiyo kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani ilikuwa, kwa upande mmoja, friji.

Mashine iliyofuata, 7600, ilifanikiwa. Iliyofuata hiyo, 8600, ikamshinda. Alibananisha vifaa mno, joto na hitilafu vikazidi, na Control Data haikuwa na pesa ya kuendelea kusubiri. Mwaka 1972 akaondoka na kuanzisha Cray Research, na Norris yule yule aliyemnyima fedha za mradi akawa miongoni mwa waliomchangia mtaji. Hii inanishangaza kila nikiisoma. Watu wawili wameachana kikazi bila kugombana.

Cray-1 ilitoka mwaka 1976 na ya kwanza ikapelekwa Los Alamos kwa majaribio. Ukiona picha yake utadhani ni kochi la ukumbi wa hoteli: nguzo zimesimama kwa umbo la herufi C, na chini kuna viti vya kukalia vimezunguka. Ndani ya vile viti mlikuwa na vifaa vya umeme. Ile C nayo ilikuwa na sababu, nyaya zote zilipita upande wa ndani wa duara, na hakuna uliozidi kama mita 1.2. Mapigo ya mashine yalikuwa kila nanosekunde 12.5, kwa hiyo hata waya wa urefu huo tayari unakula karibu nusu ya muda. Nyaya hizo, maelfu kwa maelfu, zilifungwa kwa mkono, moja moja. Kila bodi iligusana na bamba la shaba lililobeba joto hadi ukingoni, na huko kukawa na mabomba ya Freon. Mashine ilikula umeme wa kilowati 115 hivi. Kumbukumbu yake? Megabaiti 8. Picha mbili tatu za simu yako zinaijaza. Kituo cha utafiti wa hali ya hewa cha NCAR kiliinunua kwa karibu dola milioni 9.

Cray-2, mwaka 1985, ilikwenda mbali zaidi: bodi zote zilizamishwa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme, ukizitazama zimo ndani kama samaki.

Nyumbani Cray alikuwa na mambo yake. Inasimuliwa kwamba alikuwa anachimba handaki chini ya nyumba yake, na kwamba alitatua matatizo mengi akiwa na koleo mkononi.

Jambo moja alikataa kwa muda mrefu. Wengine walikuwa wanasema badala ya prosesa chache zenye nguvu, tuunganishe nyingi ndogo na za bei rahisi. Yeye alilinganisha na kulima shamba: bora maksai wawili kuliko kuku elfu moja. Akaendelea na maksai wake. Mwaka 1989 akafungua kampuni mpya Colorado Springs, akijenga Cray-3 kwa chipu za galiamu na aseniki badala ya silikoni. Moja tu ndiyo iliyofika kwa watumiaji, NCAR tena, na Machi 1995 kampuni ikafilisika.

Kuku walishinda. Miaka michache baadaye Google walikuwa wanapanga bodi za bei rahisi kwenye rafu, zimetandikwa kizibo chini, na leo vituo vya data ni kumbi za maelfu ya seva ndogo. Ila hao kuku wamenenepa. Chipu za akili mnemba zinatoa joto kiasi kwamba wahandisi wa seva wanarudi kwenye mabamba ya baridi na mabomba ya kimiminika, na wengine wanazamisha bodi nzima.

Cray mwenyewe alikuwa ameshaanza kugeuka. Agosti 1996 alianzisha kampuni nyingine, SRC, safari hii akiwaza mashine ya prosesa nyingi. Tarehe 22 Septemba gari lake lilipata ajali barabara kuu ya Colorado Springs. Alifariki tarehe 5 Oktoba, akiwa na miaka 71.

Mwezi ujao narudi fildi, shule ile ile. Yule kijana atakuwa kidato cha tatu. Rula ninayo.