Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa na Sarafu Zake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hii ni habari ya Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa Kisiwani, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa.

Alikuwa wa ukoo wa Mahdali. Tarehe ya Kilwa yahadithia ya kuwa katika ujana wake alikwenda kuhiji, akakaa Aden miaka 2 akitafuta elimu; na aliporejea, nduguye Daud, aliyemshikia ufalme, akamkabidhi. Akatawala tangu karibu na mwaka 1310 hata karibu na 1333.

Zama hizo dhahabu ya bara ilishukia Sofala, na biashara yake ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Kwa mali hiyo Sultani akajenga jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100, akaupanua msikiti mkuu. Akapiga na sarafu, nyingi za shaba, chache za dhahabu. Na za dhahabu zilizojulikana na wataalamu hata mwaka 1991 ni 3 tu.

Wafalme wa Kiyunani waliomfuata Iskandari, kama Ptolemy wa Kwanza wa Misri, walitia sura zao katika dhahabu, ili kila aishikaye amwone mfalme. Hasan hakutia sura. Sarafu zake za shaba zataja upande mmoja kumtegemea Mola mwenye fadhila. Upande wa pili jina lake na dua ya kunusuriwa, kwa maneno yenye vina. Ndivyo enzi yake ilivyoshuhudiwa sokoni: jina la mja kando ya fadhila za Mola wake.

Na matendo yaliafiki maandishi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta mnyenyekevu, akila pamoja na mafakiri. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa baada ya sala ya Ijumaa. Akazivua, akampa, kisha akamzidishia watumwa na pembe za ndovu.

Alipofariki akatawala Daud, naye akafumba mkono. Waombaji wakajibiwa ya kuwa mtoaji amekwisha kufa.

Leo Husuni Kubwa ni magofu. Lakini shaba ya Hasan imeokotwa hata Great Zimbabwe, ingali yasomeka. Basi na azingatie kila mwenye mali: jumba lilibomoka, na kipande kidogo kikabaki kumshuhudia mwenyewe alimtegemea nani.