Ladi Kwali: Mtungi Uliogeuka Pambo

Ladi Kwali alizaliwa yapata mwaka wa 1925 kijijini Kwali, Nigeria. Alijifunza kufinyanga mitungi ya maji kwa mkono, pasi na gurudumu. Mwaka wa 1954 alijiunga na karakana ya Michael Cardew mjini Abuja, ambao sasa huitwa Suleja, akiwa mwanamke wa kwanza humo. Huko mitungi yake yenye michoro ya mijusi na nyoka ilichomwa katika tanuri la kuni, ikavikwa utando wa kioo.

Mtungi wa kijijini hutoa jasho, ndipo maji yakapoa. Wa kioo hautoi. Umaarufu wake ulikifanya chombo cha maji kuwa pambo la makavazi. Alifariki mwaka wa 1984. Tangu mwaka wa 2007 noti ya naira 20 humwonyesha akifinyanga mtungi.