Vita vilivyoanza kabla ya amri

Mwezi Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki na za Kusini walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya Kongo, baada ya mji wa Goma kutekwa. Katika siku zile tuliwasikia wananchi wengi, na hata baadhi ya wenzetu katika Chama, wakiuliza kwa nini watu wakae mezani wakati bunduki zinalia. Sisi wa upande huu wa Rufiji swali hilo hatukulianza jana. Lilimpata mtu wetu mmoja miaka mia na ishirini iliyopita, nalo lilimtoa roho.

Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wengi wamemjua kwa mchezo wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969, na mchezo ni mchezo. Wazee waliosimulia habari zake walisema kuwa mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika maji, watu wakamngoja ukingoni, naye akatoka akiwa mzima na nguo zake kavu. Tangu hapo akawa anatoa dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Atakaye kucheka na acheke. Sisi tuliosoma chuoni tungali watoto, tukanyweshwa kombe tulipougua, twajua ni imani kiasi gani inayoweza kubebwa na bakuli moja la maji.

Lililo kubwa kwetu si pepo, bali ni siasa yake. Kabla yake Abushiri alipigana pwani akanyongwa Pangani mwaka 1889. Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa mwaka 1895. Mkwawa akafa mwaka 1898. Kila mmoja alipigana na watu wake, na majirani wakatazama. Wakati huo huo Mjerumani alikuwa akiwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kwa kiboko, na malipo yalipokuja yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Mtu wa kuzungumza naye hakuwapo. Akida hakuwa mjumbe wa wananchi, na boma halikuwa baraza.

Basi Kinjikitile akafanya mazungumzo na wale waliokuwa wakizungumzika, yaani majirani. Habari ilikwenda kwa minong'ono, mtu kwa mtu. Wamatumbi, Wangindo, Warufiji na wengine, ambao baadhi yao hawakuwa na mapatano mema, walipanda Ngarambe kwa makundi, wakapewa maji, wakafunzwa namna ya kujipanga kivita, wakaambiwa warudi makwao wakalime na wangoje amri. Kwa maoni yetu, huo ndio ulikuwa ubalozi wa kwanza wa nchi hii, nao uliendeshwa bila karatasi hata moja.

Lakini kungoja kuna gharama yake. Pamba ilikuwa inakomaa, na viboko havikungoja. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka. Wakang'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na kung'oa pamba ilikuwa ndiyo kutangaza vita. Amri ya Ngarambe ilikuwa haijatoka. Hatuwezi kuwalaumu watu wa Nandete, maana mgongo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wao. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mipango ya mwaka mzima ilivunjika siku ile, na makabila yakaingia vitani moja baada ya jingine badala ya kuingia kwa pamoja. Wengine hawakuingia kabisa. Wahehe walisimama upande wa Mjerumani.

Kinjikitile alikamatwa akapelekwa Mohoro, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kuwa mbele ya kitanzi aliwaambia wakoloni kwamba wamechelewa, kwa kuwa dawa imekwisha fika Kilosa na Mahenge. Katika hilo alisema kweli. Tarehe 30 Agosti maelfu waliliendea boma la Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji, wakakutana na bunduki za mtombo. Hapa hatumtetei. Ahadi ile iliunganisha watu, na ahadi ile ile iliwaua. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, Gavana Götzen akachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikiri watu 75,000. Wanahistoria wetu wamehesabu hadi 300,000.

Nduguye alishika nafasi yake, na dawa ikaendelea kugawiwa.

Desemba 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York kudai uhuru wa Tanganyika, akawakumbusha wajumbe habari za Majimaji. Alieleza kuwa watu wale walipigana kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala, na kwamba baada ya kushindwa walibaki na swali la njia nyingine. Tofauti na Kinjikitile, yeye alikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Waliokuwa watoto Mohoro mwaka 1905 walikuwa wazee wa miaka sitini siku ile, na baadhi yao walikuwa na kadi za TANU mifukoni.